Ndiyo ya Mama Tola

Wiki iliyopita niliwaacha mmesimama nami jikoni, Mama Tola akiwa amefungua mdomo kusema nami kwa mara ya kwanza. Mlidhani mambo yamenyooka. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwa aliyepitwa, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Obdulia, mtu wa milima ya Oaxaca, Meksiko. Shule niliiachia darasa la tatu, mwaka aliofariki mama. Nikavuka mpaka, nikaangukia California, kwenye mashamba ya machungwa ya upande wa Fresno. Huko nikampata Griselda, dereva wa lori la shamba. Kiangazi cha mwaka 2008 sheria iliruhusu wanawake wawili kuoana. Tukaenda kwa karani, Gris kavaa shati jeupe, mimi nimeshika maua yanatetemeka kama kuku aliyeloa. Chayo, ninayefungasha naye machungwa, akawa shahidi wetu.

Ndoa ile ilinipa mwenzi, na ilinipa paa. Nyumba za shamba hupewa mfanyakazi na jamaa zake tu. Mnyapara alipoona cheti, akaguna, akaniruhusu nitoke bwenini nihamie kwa Gris na mama yake.

Mama yake ndiye Mama Tola. Miezi yote ile alinipa chakula, alinisogezea chumvi, ila neno hakunipa. Mpaka siku ile jikoni.

"Unajua kosa lenu?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa. "Ni kwa sababu mimi ni mwanamke, Mama."

"Hilo ninalilia peke yangu nikiosha vyombo, wewe halikuhusu. Kosa lenu ni kwamba hakuna aliyekuja kuniomba ndiyo yangu."

Alikuwa na haki. Kwetu anayemtaka binti wa watu huja na wazee wake, huja na mkate na chokoleti, hukaa kwenye kiti kigumu na kuomba. Mama wa binti akisema ndiyo, ndoa imeanza palepale. Padri na karani ni wapiga muhuri tu. Sisi tulianza na wapiga muhuri.

"Mama, sina wazee wa kuwaleta."

"Ungekuja mwenyewe na mkate."

Basi hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni.

Vuli ile watu waliochukizwa na ndoa kama zetu walilipeleka jambo kwenye kura. Kura ile ilikuwa na namba, ikaitwa Nane. Mimi nilichojua ni kidogo. Nane ikienda vizuri, ninabaki mke wa Gris. Ikienda vibaya, ndoa yetu huenda ikafutwa, na ikifutwa mimi si jamaa wa mtu tena, paa sina. Zaidi ya hapo sikuuliza. Gris hakupenda Nane itajwe ndani ya nyumba, kwa ajili ya mama yake. Na mimi sina karatasi za nchi, kwa hiyo sina kura.

Mama Tola alikuwa nayo. Karatasi zake alizipata zamani, marehemu mumewe akiwa hai, na kila kura alikwenda amevaa gauni la kanisani.

Jumapili ilikuwa Siku ya Wafu. Tulikuwa tumempangia marehemu mumewe, Don Abundio, yaani Bwana Abundio, meza yake, picha katikati, maua ya njano, bia na sigara zake. Gris alikuwa safarini, amepeleka makomamanga bandarini. Kura yake alikwisha kuituma kwa posta.

Mama Tola akarudi kutoka misa na bango chini ya kwapa.

"Vijana wanayagawa nje ya kanisa," akasema. "Wameniambia ni la mambo ya ndoa. Duli, nisomee, mimi najua namba na ndiyo na hapana tu."

Aliniita Duli. Nyumbani ni Gris peke yake aliyekuwa akiniita hivyo.

Bango lilikuwa la njano na buluu, lina picha ya watu wameinua mikono kama wanacheza. Nikaweka kidole kwenye herufi, nikasoma polepole kama nilivyosoma darasani.

"Ndi-yo. Ndiyo kwa Nane." Nikasogeza kidole. "Linda ndoa."

"Rudia."

"Linda ndoa."

"Ndoa ya nani?"

"Haikuandikwa, Mama. Ndoa tu."

Akaketi mbele ya picha ya mumewe, bango mapajani.

"Abundio," akasema, "umesikia? Mtoto wako hakuja kuniomba ndiyo yangu. Sasa serikali nzima imekuja kuniomba."

Akainuka. Tukatoka nje, mimi nikashika mti wa bango, yeye akaugongomea ardhini kwa kisogo cha shoka. Mlio ulisikika mpaka nyumba za ng'ambo. Alipomaliza alipangusa mikono kwenye aproni, akacheka. Mara ya kwanza kuyaona meno yake!

"Usimwambie Gris kwenye simu. Aje alione mwenyewe."

Nilimwambia jioni ileile. Furaha ilinishinda.

"Mama ameweka bango la Nane," nikasema. "Mbele ya nyumba."

Nikasikia malori yakipita huko alikokuwa.

"La upande gani, Duli?"

"La kwetu."

"Mama yangu? Mama yangu aliyeniambia bora ningezaliwa jiwe?"

"La kwetu, Gris. Kalipigilia mwenyewe kwa shoka, mimi nimeshika mti."

Akalia. Gris hakulia baba yake alipozikwa. Alilia kwenye simu, akasema nimwambie mama kwamba anarudi na mkate na chokoleti, na safari hii ataomba kama inavyopasa.

Sasa angalieni jinsi mambo yalivyoanza kwenda kombo, na mimi sikuona.

Jirani yetu wa mbele ni Remedios, mkuu wa kikundi cha wanawake wanaosali rozari. Tangu niingie nyumba ile, kila akiniona alifanya ishara ya msalaba kama aliyekutana na jeneza. Jumatatu asubuhi alilitazama bango, akavuka barabara, akambusu Mama Tola mashavu yote mawili.

"Tola, nilikuwa nakudhania vibaya. Mungu anisamehe."

"Sote tulikuwa tunadhania vibaya," akajibu Mama Tola.

"Inahitaji moyo, mama kufanya hivi kwa binti yake."

"Moyo ninao. Ulikuwa umelala tu."

Wakakumbatiana. Nikajiambia, Duli, dunia inageuka, hata Remedios!

Siku ya kura Mama Tola aliwasha gari la marehemu, lenye mlango mbovu, akawabeba wanawake wote wa rozari wenye kura. Remedios alikaa mbele. Nikamsikia mama mkwe wangu akiwafundisha kupitia dirishani kabla ya kuondoka:

"Mengine chagueni mpendavyo. Lakini penye Nane, Ndiyo. Asikosee mtu. Wewe Cuca, macho yako mabovu, nitakuonyesha."

"Na tusipojua Kiingereza?" mmoja akauliza.

"Kipo Kihispania. Na ndiyo ni ndiyo, hata kwa Kichina."

Wakacheka wote, gari likaondoka na moshi wake.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kiwanda tunachofungashia machungwa, ilikuwa sikukuu. Rais mpya alikuwa amepatikana usiku, watu wakiimba, machungwa yakipita kwenye mkanda bila kuchambuliwa sawasawa. Redio ilikuwa juu ya makasha. Mtangazaji akataja Nane. Nikasogea.

Ndiyo imeshinda, akasema.

Nilipiga kigelegele. Mimi, ambaye huomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kunong'ona! Nikarusha chungwa juu, nikalidaka, nikageuka nimkumbatie Chayo.

Chayo alirudi nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umefurahi?" akauliza.

"Nisifurahi? Mama mkwe kawapeleka wanawake wote wa rozari!"

"Nimesikia. Na bango nimeliona nikipita." Akavua glavu moja, akaivaa tena. "Nilinunua viatu kwa ajili ya ndoa yenu, Duli. Vilinitoa malengelenge."

"Viatu vinahusu nini leo?"

"Hongera. Hongereni nyote nyumba ile."

Akachukua ndoo yake, akahamia mkanda wa mbali. Mchana alikula peke yake, kanipa mgongo. Nikasema moyoni, ni wivu. Chayo hana mtu. Nikamwonea huruma, fikirini, mimi nikamwonea yeye huruma.

Lakini nikirudi nyumbani kwa miguu, niliona mambo yamegeuka. Vijana wawili wa shamba ambao siku zote walinipigia honi na kunipungia walipita bila kunitazama. Na mzee mmoja aliyezoea kutema mate nikipita alinivulia kofia.

Walionichukia walikuwa wananiheshimu. Walionipenda walikuwa wananikwepa.

Nikaongeza hatua.

Nje ya nyumba lilisimama gari la Don Celedonio, mnyapara, yuleyule aliyegunia cheti chetu. Ndani niliwakuta wameketi, yeye kashika kofia magotini, na Remedios kaleta sufuria ya tamale, mikate ya mahindi yenye nyama ndani, zinafuka. Mama Tola alikuwa anamimina kahawa, kavaa gauni la kanisani.

"Kaa, Duli," akasema. "Don Cele amekuja kutupongeza."

Don Celedonio hakunitazama.

"Mama Tola," akasema, "nimefanya kazi na marehemu miaka mingi. Angekuona leo angejivuna. Watu wanasema damu nzito kuliko maji. Wewe umeonyesha imani nzito kuliko damu."

"Ah, ni kura tu."

"Si kura tu. Umesimama mbele ya watu wote ukasema hapana kwa mtoto wako mwenyewe."

Mama Tola akainua macho, bado anamimina. "Nimesema ndiyo."

"Ndiyo hivyo. Umesema ndiyo."

"Ndiyo kwa ndoa yake."

Remedios akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeelewa mzaha. Kisha akaacha.

"Tola," akasema, "ndiyo kwa kuizuia."

Niliona kahawa ikifurika kikombe, ikajaa kisahani, ikatiririka kwenye kitambaa cha meza.

"Bango limesema linda ndoa," Mama Tola akanong'ona. "Duli amenisomea."

"Linda ndoa ya mume na mke," Don Celedonio akasema polepole, kama anamweleza mtoto. "Ilindwe dhidi ya ndoa kama yao hao wawili. Aliyesema ndiyo kasema ndoa iwe ya mume na mke peke yao. Aliyesema hapana ndiye aliyetaka ya binti yako ibaki."

Mama Tola akanigeukia. Katika uso wake sikuona hasira. Afadhali ningeiona. Niliona mama aliyemshika mtoto mkono amvushe barabara, kisha akasikia breki.

"Wale wote niliowabeba," akasema. "Cuca nilimshika kidole."

"Tola, nyamaza," Remedios akamwambia kwa sauti ya chini, akimtupia jicho mnyapara. "Usiseme mbele yake."

Kumbe Remedios alikuwa ameelewa upesi kuliko mimi. Don Celedonio naye alikuwa ameelewa. Akaweka kofia mezani.

"Sikilizeni. Mimi si mtu mbaya. Tajiri mwenye shamba aliliona lile bango Jumatatu, akaniuliza, ile si nyumba ya wale wawili? Nikamwambia ndiyo, lakini mama mwenyewe amekataa uchafu. Akafurahi. Akasema basi, kura ikishinda, yule msichana arudi bwenini au aende zake, mama na binti wabaki. Hivyo ndivyo nilivyoagizwa kuja kusema."

"Nina cheti," nikajisikia nikisema. Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuitambua.

"Cheti cha nini, binti? Mpaka jana kilikuwa cha ndoa. Leo hata wanasheria kwenye redio hawajui ni cha nini."

"Na kama nilikosea?" Mama Tola akauliza. "Kama nilidhani kingine?"

"Kama ulikosea," akasema, "basi nyumba hii ina wanawake wawili wanaojiita mke na mke, na mama anayewaunga mkono. Nitarudi kwa tajiri nimwambie hivyo. Zipo familia bwenini zinazolaza watoto juu ya makasha, Mama Tola, na zote ni za mume na mke. Hatakuachia hata wiki."

Akainua kikombe, akanywa kahawa iliyofurika bila kujali kitambaa.

"Kwa hiyo sitaki kujua ulidhani nini. Nataka uniambie mbele ya huyu shahidi neno moja la kumpelekea. Ulikosea, au hukukosea?"

Mama Tola alimzaa Gris katika nyumba ile. Don Abundio alikufa katika chumba kile cha nyuma, na meza yake bado ilikuwa pale, maua yameanza kusinyaa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu angekwenda wapi na magodoro yake?

Nikafungua mdomo nimwambie aseme hakukosea. Haki ya Mungu nilitaka kusema hivyo. Mimi bweni nalijua, halitaniua.

Lakini nje honi ikalia. Ndefu, ya furaha, kama ya arusi.

Gris.

Alikuwa amekuja na lori tupu moja kwa moja mpaka mlangoni, jambo lisiloruhusiwa. Nilimwona dirishani akiruka chini, mfuko wa mkate mkono mmoja, boksi la chokoleti mkono wa pili. Redioni alikwisha kusikia matokeo, uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Lakini alikuwa anatabasamu. Ulimwengu wote ulikuwa umemkataa, lakini mama yake alikuwa ameweka bango.

Akageuka alitafute.

Akaliona.

Mkate haukuanguka. Aliuweka chini taratibu, kwenye majani, kama mtu anayelaza mtoto. Akasimama anasoma. Yeye anasoma upesi, lakini alisoma kwa muda mrefu.

Sote tukatoka kizingitini. Watu wa nyumba za ng'ambo nao walikuwa wametoka.

"Duli," akasema bila kugeuka, "uliniambia la kwetu."

"Gris, hatukujua..."

"Mama yangu najua hajui kusoma. Wewe ulikuwa umeshika mti wakati anagongomea. Uliniambia hivyo."

"Nilisoma kila herufi! Hakuna mahali palipoandikwa..."

"Binti," Don Celedonio akaingilia, "lori la shamba haliletwi huku."

"Wewe ngoja zamu yako." Akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. "Mama. Sema tu. Niambie lolote, nitaamini. Ulitaka au hukutaka?"

Swali lilelile. Mara mbili kwa jioni moja, kutoka kwa watu wawili, na jibu la mmoja lilikuwa kisu cha mwingine.

Mama Tola alishuka ngazi. Alipita karibu na Gris bila kumgusa. Akafika kwenye bango, akaushika mti wake kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo ulikuwa laini, hata mtoto angeung'oa.

"Fikiri vizuri kabla hujalitoa," Don Celedonio akasema. "Wanakuona wote."

Hakulitoa. Hakuliachia pia. Alisimama hivyo, mgongo umepinda ndani ya gauni la kanisani, nikaona mabega yake yakipanda na kushuka.

Kisha akanitazama mimi.

"Duli, mwanangu," akasema, sauti tulivu kabisa. "Ingia ndani ukafungashe nguo."

Gris akashtuka. "Nguo za nani, Mama?"

Hakumjibu. "Ingia, Duli. Usitoke mpaka nikuite."

Niliingia. Nguo zangu peke yangu, au zetu sote? Nilisimama katikati ya chumba chetu, mkono mmoja umeshika gauni langu, mwingine umeshika shati jeupe la Gris, lile la kwa karani, sijui niweke lipi begini na niache lipi.

Kisha nikasikia hatua za Mama Tola zikizunguka nyumba, zikienda nyuma, kwenye kibanda cha kuni. Zikasimama kidogo. Zikaanza kurudi mbele, sasa nzito zaidi.

"Mama," nikamsikia Gris akisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Mama, liweke chini hilo shoka."

Halafu Remedios akapiga yowe.